Tupeane uzoefu: kazi iliyokufa ulipofunga laptopu

MkeshaKasarani: Kijana wetu kazini kanijia leo na macho mekundu. Kazi ya usiku kucha imefia kwenye seva kwa sababu alifunga laptopu awahi matatu. Nilicheka, kisha nikakumbuka yangu. Nani mwingine yamemkuta?

BintiRongai: Yangu bado inaniuma. Tulikuwa tunahamisha hifadhidata ya wateja. Nikaianzisha saa mbili usiku nikiwa nyumbani, nikajua alfajiri itakuwa imekwisha. Saa nane stima ikapotea mtaa mzima. Laptopu ina chaji, ruta ndiyo imezima. Nikafuliza bando la simu, nikaingia tena kwenye seva. Natazama orodha ya programu zinazoendelea, yangu haipo! Jedwali moja limejaa nusu, la malipo halijaguswa kabisa, na sikujua niendelee kutoka wapi. Nikafuta yote, nikaanza upya saa tisa, nimekalia ndoo nje ya mlango maana ndani mtandao haushiki. Sikuthubutu kuinuka hata kwenda haja. Bosi kaingia asubuhi na chai yake: "Ulilala vizuri?"

kifaranga: Ndoo jamani! Kwikwikwi

MzeeWaNohup: Pole binti. Terminali (dirisha la kuandikia amri) ikikatika, programu zako hupelekewa SIGHUP, ishara kwamba laini imekatika, zinakufa. Tanguliza nohup mbele ya amri yako ili ipuuze ishara hiyo, malizia na & iendelee nyuma ya pazia. Matokeo utayakuta kwenye nohup.out. Basi.

Fundi_K: Mzee, na programu ikitaka kuulizwa na kujibiwa katikati? tmux ndiyo dawa: unaifungua kwenye seva, inashikilia kazi yako hata ukikatika. Ctrl-b kisha d kujitenga nayo, unaenda zako kula githeri. Ukirudi, tmux attach, kila kitu ulivyokiacha.

MzeeWaNohup: Hayo programu ya screen iliyafanya tangu 1987. tmux ni ya 2007. Tuheshimiane.

Fundi_K: Na matatu za 1987 bado unapanda?

kimya_tu: Mimi nilifungua tmux kwenye laptopu, kisha ndani yake ndiyo nikaingia seva. Msiniulize zaidi.

Wa_Umoja: Hata tmux isiwape kiburi. KillUserProcesses, mpangilio wa kuua programu za mtumiaji akishatoka, ikiwa imewashwa kwenye seva, ukitoka tu nayo inafagiwa. Ulizeni msimamizi kwanza. Mimi ilinichukua wiki nzima, namlaumu mwenzangu bure.

kifaranga: Na kama nimeshaianzisha bila chochote?

MzeeWaNohup: Ctrl-z uisimamishe, bg iendelee nyuma ya pazia, disown terminali isiihesabu tena kuwa yake. Halafu uombe Mungu.

MkeshaKasarani: BintiRongai, bosi ulimjibuje?

BintiRongai: Nilimwambia nililala fofofo.