Pampu ya moyo ya yaya ililia usiku, sasa wamepitia kwenye kinena. Kwa nini?

FundiKatuba, Lubumbashi
Wenye kujua, nisaidieni. Yaya wangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, yuko Brussels, anaishi na pampu ya moyo, HeartMate 3, huu mwaka wa tatu. Jumamosi usiku ikaanza kulia: mtiririko umeshuka chini ya lita 2.5 kwa dakika. Shemeji akatupigia saa nane, nyumba nzima ikaamka, mama mdogo akaangua kilio cha msiba kabisa. Asubuhi tunaambiwa wamepitisha waya kwenye kinena, wameweka stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, mgonjwa anakunywa chai. Mimi ni mtu wa kulehemu, mirija naijua. Kifua hawakugusa, dawa ya kuyeyusha damu hawakumpa. Wametengeneza nini?

NesiKadutu, Bukavu
Pole, fundi. Hapo inaonekana mrija ulibanwa. Pampu inakaa kwenye ncha ya chini ya moyo, na mrija wa kitambaa unapeleka damu mpaka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Juu yake kuna gamba la kuuzuia usijikunje. Miaka ikipita, ute mzito unajikusanya kati ya gamba na mrija, unaukaba kutoka nje. Dawa itayeyusha nini, na ndani hakuna damu iliyoganda? Ni skana inayoonyesha hayo. Stenti inatanuka ndani ya mrija, inausukuma ukuta urudi mahali pake, pampu ikiendelea kuzunguka. Kupasua tena kifua cha mtu anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ee, hiyo ni damu nyingi.

MamaWaKenya, Lubumbashi
Kwa shangazi yangu huko Ufaransa, bonge la damu lilipanda kichwani. Mkono wa kuume ukalegea, maneno yakapotea. Nao walipita kinena, wakalivuta kwa katheta, kijimrija chembamba. Maneno yalirudi yote, mkono nusu.

FundiKatuba
Asante, mama. Sasa yaya anataka kuja Desemba, kumuona mama mdogo.

NesiKadutu
Madaktari wake waseme kwanza. Betri mbili zinaweza kufika masaa 17 tu, na umeme wa kwenu unaujua mwenyewe. Halafu mumuandae mama mdogo: akimshika mkono, mapigo anaweza kuyakosa, maana damu inapita mfululizo. Asianze kilio kingine. Aweke sikio kifuani, atasikia mvumo.

FundiKatuba
Nimemsomea. Anauliza kama mvumo huo utamzuia kulala. Mimi natafuta jenereta.