Mayai ya nyoka kwenye lundo la makumbi: yaweza kuanguliwa nyumbani?

Mkulima wa Ganda
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Leo asubuhi vibarua waliokuwa wakihamisha lundo la makumbi katika shamba langu la minazi hapa Ganda, Malindi, wamefukua mayai 11 meupe, marefu kiasi, yenye ganda laini kama ngozi ambalo hubonyea likiguswa. Walitaka kuyachoma moto papo hapo nikawazuia, kwa kuwa kijana wangu wa kidato cha tatu ameniomba tuyaangue nyumbani ayatazame. Ninayo mashine ndogo ya kutotolea vifaranga. Je, itafaa?

Mama Vifaranga
Wa aleikum salaam. Weka nyuzi 37.5 na uyageuze mara tatu kwa siku kama ya kuku. Sidhani kama kuna tofauti kubwa, ingawa mimi nyoka simtaki hata kwa kumtazama.

Jirani wa Watamu
Kwa heshima zote, Mama Vifaranga, utaratibu huo utayaua. Joto la kuku ni kali mno kwa mayai ya nyoka, ambayo mengi hukua vizuri kwenye nyuzi 28 hadi 31. Tena hayageuzwi kabisa, kwa sababu muda mfupi baada ya yai kutagwa kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda, na likipinduliwa kinaweza kufa. Ndiyo maana wanaoyaangua huweka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulisogeza, na yaliyogandana huachwa yalivyo. Huyafukia nusu kwenye vumbi la makumbi lililoloweshwa kiasi kwamba ukilikamua kwa kiganja halichuruziki, kwa kuwa ganda lile hunyonya unyevu; likikauka yai hujikunja, na likirowa sana huota ukungu. Ukimulika kwa tochi gizani, mishipa myekundu huonyesha uhai, ilhali yai la manjano tupu huenda ni viza.

Hata hivyo, bwana mkulima, nisingekushauri uyaingize ndani. Kwa kuliangalia yai tu hakuna awezaye kukuhakikishia ni la nyoka gani. Kifutu tunaweza kumtoa kwenye hesabu, maana yeye huzaa, lakini swila na koboko wote hutaga, na lundo lenye joto na unyevu huwafaa sawa na linavyomfaa yule nyoka wa nyumbani asiye na sumu anayekula panya wako. Mtoto wa koboko hutoka yaini akiwa na urefu wa takriban nusu mita, na sumu yake iko tayari siku hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inadai kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kufuga mnyama wa porini. Pigia simu Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichopo hapa Watamu tangu mwaka 1980, uwaeleze ulichokiona.

Mkulima wa Ganda
Ahsante sana, jirani. Mayai yamo kwenye ndoo, kivulini. Niyafanyeje hadi nipate msaada?

Jirani wa Watamu
Usiyapange upya. Yafunike na makumbi yale yale yenye unyevu, bila kumwaga maji juu yake, uweke kifuniko chenye matundu madogo sana na ndoo ikae nje, mbali na watoto na kuku. Lile lundo lililobaki liacheni kwanza, kwani huenda kuna mengine chini, au mwenyewe hajaenda mbali. Ukiona ganda limechanwa mstari mwembamba na pua imechungulia, usimsaidie kutoka. Hukaa humo siku moja au mbili akimalizia kiini. Kijana wako na atazame kwa mbali, huku kifuniko kikiwa kimefungwa.

Mama Vifaranga
Na vibarua wavae viatu vya mpira.