Naomba ushauri: mpwa wangu ameahidiwa "pesa za jina" na chuo cha Marekani, je, tukubali?

Mwalimu wa Marakwet

Wanajukwaa, salaam. Naandika kwa niaba ya mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka jana na ambaye hukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Makocha wa vyuo viwili vya Marekani, vyote vya Divisheni ya Kwanza (daraja la juu) ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huko, wanamtaka, nasi tunatakiwa kujibu kabla ya mwezi huu kwisha.

Chuo cha kwanza kimetuma hati inayoeleza, kifungu kwa kifungu, kwamba kitagharimia karo, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya. Chuo cha pili, chenye jina kubwa katika mpira wa Kimarekani, kitalipa karo na nusu ya malazi; lakini wakala aliyetuunganisha nacho anasema kwamba pengo hilo litazibwa, na fedha kubaki, kwa kuwa siku hizi wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao. Nilipomwomba anionyeshe ahadi hiyo ilipoandikwa, alinitumia kwa WhatsApp picha ya aya moja ya barua pepe ya kocha msaidizi, isemayo kwamba "fursa nyingine zinaweza kupatikana kulingana na kanuni na bajeti ya idara". Zaidi ya hapo hakuna. Wakala mwenyewe anadai shilingi 150,000 kwanza, kisha asilimia 10 ya thamani ya ufadhili wa mwaka wa kwanza.

Kaka yangu mkubwa anaona tutakuwa tumeichezea bahati tukikataa. Mimi nasita, ila sina hoja ya kumpa zaidi ya kusita kwenyewe. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Mstaafu wa Nyika

Mwalimu, pole kwa mzigo wa uamuzi huu. Nilikimbia kwa niaba ya chuo kimoja huko kabla ya mabadiliko haya, enzi ambazo mwanariadha hakuruhusiwa kuuza hata saini yake. Mkimbiaji Mkenya Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon kati ya 2013 na 2017, na katika miaka yote hiyo kanuni zilimkataza kupokea malipo ya tangazo lolote. Kizuizi hicho kilianza kubomoka California ilipopitisha sheria yake mwaka 2019, kisha Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu marupurupu ya kimasomo ya wanamichezo, mnamo Juni 2021, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo milango ikafunguliwa kwa wanamichezo kuuza majina yao. Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi: mnamo Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo inaviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Kiasi hicho kisiwatie tamaa. Mgao unaotajwa sana katika vyuo vikubwa huupa mpira wa Kimarekani karibu robo tatu, mpira wa kikapu wa wanaume hufuata, na michezo iliyobaki, riadha ikiwamo, hugawana makombo. Chuo chenye jina katika mpira wa Kimarekani ndicho chenye sababu nyingi zaidi za kuzielekeza fedha huko. Sioni ni kwa hesabu gani binti wa mwaka wa kwanza anayeruka viunzi atatangulia kwenye foleni hiyo.

Dawati la Viza

Naongezea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha swali hili, na ambalo wakala ama halijui ama amelinyamazia.

Mpwa wako ataingia Marekani kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi. Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje ya chuo huhitaji idhini maalumu inayofungamana na masomo yake au dharura ya kifedha. Kupiga picha za tangazo, kuhudhuria hafla ya mdhamini au kuchapisha ujumbe wa kulipwa kwenye Instagram akiwa katika ardhi ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyo na idhini, na adhabu yake haitolewi na NCAA bali na idara za uhamiaji: anaweza kupoteza hadhi yake ya mwanafunzi na kutakiwa kuondoka nchini. NCAA imeruhusu, lakini sheria ya uhamiaji haikubadilishwa ili kuifuata. Hata malipo yanayotoka kwa chuo chenyewe chini ya suluhu ya House yanabishaniwa na mawakili, na vyuo vingi vinaogopa kuwalipa wageni kwa sababu hiyo.

Mfano upo. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, umaarufu ambao kwa mwenzake Mmarekani ungekuwa mgodi. Timu ilipokwenda kucheza Bahamas mwezi Agosti mwaka huo, ndipo akapata nafasi ya kufanya shughuli za wadhamini, kwa kuwa huko hakuwa katika ardhi ya Marekani. Ikiwa mtu wa kiwango hicho alilazimika kusubiri safari ya ng'ambo, ahadi iliyotolewa kwa mpwa wako kupitia WhatsApp ina uzito gani?

Kocha wa Vijana, Nandi

Ndugu zangu, nakubaliana nanyi kuhusu viza, ila nisingependa Mwalimu aondoke akidhani kwamba mabadiliko haya hayamhusu. Yanamhusu kwa njia nyingine, yaani kwa jinsi makocha wanavyosajili sasa.

Zamani timu ya wanawake ya riadha na mbio za nyika iligawana ufadhili kamili 18 kwa jumla, nayo ya wanaume 12.6. Chini ya suluhu ya House, chuo kilichojiunga nayo hakibanwi tena na idadi ya ufadhili bali na idadi ya wanatimu: 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha. Kwa maandishi, kocha anaweza kumpa kila mmoja ufadhili kamili. Kwa vitendo, ufadhili unaoongezwa huhesabiwa ndani ya dari lile la dola milioni 20.5, hadi kufikia dola milioni 2.5, kwa hiyo baadhi ya vyuo vimeongeza ufadhili wa riadha na vingine vimeupunguza ili fedha ziende kwenye mpira. Hicho chuo cha pili kinacholipa nusu ya malazi kimekwisha kuwaambia mko upande upi, hata kama kocha wake hakuwa na nia ya kulisema.

Zaidi ya hayo, tangu 2024 mwanafunzi mwenye matokeo mazuri darasani anaweza kuhama chuo mara nyingi apendavyo bila kukaa nje ya mashindano. Nafasi zikiwa chache, kocha anayebanwa na matokeo humtaka mtu aliye tayari kushinda leo: mhamiaji kutoka chuo kingine, au mkimbiaji wetu aliyekomaa. Ndiyo maana simu za makocha zinaita Iten na Kapsabet, miji yetu ya wakimbiaji. Mkenya Doris Lemngole, aliyeshinda viunzi na maji vya NCAA akiwa Alabama mwaka 2024 na 2025, na kukimbia 8:58.15 katika ushindi wa pili, amewafungulia wenzake njia, lakini pia amekipandisha kipimo. Binti anayehitaji miaka miwili ya kukomaa aende kwa kocha atakayemvumilia, na uvumilivu huo uulizwe waziwazi: akiumia msimu wa kwanza, ufadhili unaendelea?

Hata hivyo, sitaki chuo cha pili kidharauliwe. Kama kina kocha bora wa viunzi na wenzake wa kufanya nao mazoezi, hilo lina thamani kubwa kuliko pesa za jina. Muulizeni kocha mkuu, si msaidizi, kama anaweza kuandika malazi yote kwenye hati. Akikataa, mtajua.

Mama Wawili

Mwalimu, kuhusu huyo wakala: usimpe hata shilingi kabla hujasoma haya. NCAA inaruhusu mtu kulipwa ada ya kawaida kwa kusambaza taarifa za mwanafunzi kwa makocha, lakini hairuhusu ada inayotegemea kupatikana kwa ufadhili. Hiyo asilimia 10 si ghali tu, inaweza kumharibia mtoto sifa ya kushiriki. Makocha wenyewe wana barua pepe zao kwenye tovuti za vyuo, nawe ni mwalimu, andika mwenyewe.

Mwalimu wa Marakwet

Nawashukuru sana. Nimewaandikia makocha wakuu wote wawili jana usiku, na wakala nimemwambia asubiri. Nina swali dogo: binti alishinda shilingi 20,000 katika mbio za barabarani hapa kaunti baada ya kumaliza shule. Je, hilo lina madhara?

Mstaafu wa Nyika

Kanuni iliyokuwapo kwa muda mrefu ni kwamba zawadi iliyopokelewa kabla ya kujiunga na chuo isizidi gharama halisi za kushiriki, kama nauli, chakula, malazi na ada ya mbio. Kusanyeni ushahidi wa gharama hizo, mkaitaje zawadi hiyo wenyewe kwenye fomu ya kituo cha NCAA kinachothibitisha sifa za wanafunzi. Pia asiingie mbio nyingine za fedha kwanza, kwa sababu katika riadha aliyemaliza sekondari amekuwa akipewa mwaka mmoja tu wa kushindana kabla hajaanza kukatwa misimu ya chuo.

Dawati la Viza

Na ulizeni kodi. Kwa mwanafunzi mgeni, sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula hutozwa kodi, na kwa wenye viza ya F-1 kiwango kinachokatwa kwa kawaida ni asilimia 14, ilhali karo na vitabu vya lazima havitozwi. Vyuo vingine hukata kiasi hicho kutoka kwenye posho, vingine humtumia mwanafunzi bili katikati ya muhula. Chuo cha kwanza kikijibu, mwombe kocha aeleze kwa maandishi bili hiyo italipwa na nani.