Naomba ushauri: je, ni sahihi kumchora samurai akiwa na tatuu kama alama ya cheo?

Mleta mada

Salaam, wanajamvi. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na sasa ninachora hadithi inayotokea Edo, yaani Tokyo ya leo, katika miaka ya 1830. Mhariri wangu anataka samurai mkuu awe na tatuu ya joka kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, na walio chini yake wawe na michoro inayopungua kadiri vyeo vinavyoshuka. Hoja yake ni kwamba hata kwetu chale za Wamakonde zilimtambulisha mtu, kwa hiyo mashujaa wa Japani nao walibeba hadhi yao kwenye ngozi. Moyo wangu haujaridhika, kwa sababu mtoto huamini anachokiona kwenye picha. Je, nitamjibu nini?

Mwalimu wa Historia

Ndugu mleta mada, usimchore hivyo. Katika Edo ya wakati huo wino mwilini haukumpandisha samurai, bali ungemshushia heshima. Mwaka 1720, chini ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, Tokugawa Yoshimune, serikali ilianza kuwatia wahalifu alama ya wino badala ya kuwakata pua au masikio, na Edo mwizi alichorwa mistari miwili iliyozunguka mkono, wakati sehemu nyingine alama iliwekwa kwenye paji la uso. Mtu aliyetoka gerezani na mistari ile hakuwa na pa kuificha isipokuwa ndani ya mkono wa nguo. Ongeza mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, ambayo samurai walilelewa nayo, kwamba mwili, nywele na ngozi tumepewa na wazazi na hatupaswi kuviharibu.

Cheo kionyeshe kwa vitu walivyovitumia wenyewe: panga mbili kiunoni, mmoja mrefu na mwingine mfupi, ambazo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuzivaa pamoja, nembo ya ukoo kwenye vazi, na wingi wa wafuasi barabarani. Kipato chao kilihesabiwa kwa koku za mchele, koku moja ikiwa takriban kilo 150, na mtawala wa jimbo alianzia koku 10,000. Ukichora msafara wake ukipita huku watu wameinama, hata mtoto wa miaka saba atajua nani ni mkubwa.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, mimi niliwahi kusikia kwamba samurai walijichora ili maiti zao zitambulike baada ya adui kuwavua deraya. Je, hilo haliwezi kumsaidia mhariri?

Mwalimu wa Historia

Haliwezi, ndugu yangu. Vitani samurai alitambulika kwa bendera iliyofungwa mgongoni na kwa kofia yake ya chuma, na kwa vyovyote hadithi hii ni ya miaka ya 1830, wakati Japani ilikuwa imekaa karibu karne mbili bila vita kubwa. Samurai wengi walikuwa makarani.

Binti Mvuvi

Kwa haki, mhariri hakukosea kila kitu, amekosea zama tu. Kumbukumbu za Wachina za karne ya 3 zinasema wanaume wa Japani, wakubwa kwa wadogo, walijichora nyuso na miili, kwamba wapiga mbizi walianza kwa kujikinga na samaki wakubwa, na kwamba baadaye michoro ilitofautiana kwa nchi na kwa cheo. Hayo yalitangulia samurai kwa mamia ya miaka.

Joka lako nalo usilitupe. Mwaka 1827 mchoraji Kuniyoshi alianza kuchapisha kwa vibao vya mbao picha za mashujaa 108 wa hadithi ya Kichina ya Suikoden, wengine wakiwa wamejaa tatuu mwili mzima, na wanaume wa tabaka la chini wa Edo walizipenda mno. Waliojichora ni wabeba machela, matarishi na wazima moto. Vikosi vya wazima moto vya raia vilipangwa mwaka ule ule wa 1720. Kazi yao ilikuwa kubomoa nyumba ili moto usivuke, na joka, kiumbe wa maji na mvua, lilikuwa kinga mgongoni mwao. Mimi huona fahari ile ya watu wasioruhusiwa panga mbili kuwa jambo zuri kuliko yote katika historia hii.

Mleta mada

Ahsanteni sana. Nimempelekea mhariri michoro miwili. Katika wa kwanza samurai amefunika mikono yake yote miwili, panga kiunoni na nembo kifuani. Katika wa pili mzima moto amevua koti juu ya paa, joka lote likionekana mgongoni, na samurai yuleyule amesimama chini akimtazama. Amechagua wa pili.