Uchumi ukue kwanza au pengo lipungue kwanza? Watu wa Mtwara na Lindi tujadili hili

Wadau, kuna ndugu yetu kasema watu wa kusini tuache kulalamikia matajiri, uchumi ukue kwanza maisha yatakaa sawa yenyewe, akatoa mfano wa China kwamba pengo la kipato lilikua sana lakini watu karibu milioni 800 wametoka kwenye ufukara. Hilo kweli, sibishi. Bila ukuaji tutagawana umaskini tu.

Ila China kabla pengo halijawa kubwa, mwishoni mwa miaka ya 70 kuingia 80, kaya za vijijini zilipewa mashamba zilime zenyewe na ziada wauze, kwahiyo uchumi unaanza kupaa mkulima ana kitu mkononi. Sisi je? Takwimu za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) hizo, 2011/12 maskini Tanzania walikuwa asilimia 28.2, 2017/18 wakawa 26.4, na miaka yote hiyo uchumi unakua kwa asilimia 6 na kitu. Hata pointi mbili hazijafika jamani!

Faida ya ukuaji inapopotelea mi napaona kwa macho. Mama yangu mdogo yuko Tandahimba, mwezi wa 7 mikorosho ndo kwanza ina maua, ndani unga umeisha, mtoto kadaiwa mchango shuleni, anakuja mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kienyeji nje ya ushirika, na hela taslimu anamhesabia palepale barazani, basi korosho zimeshauzwa hata hazijadondoka. Msimu ukifika mama anaokota toka asubuhi mgongo umeinama, jamaa anakuja kupima na bakuli lake analijaza mpaka linafanya kichuguu, na mnada unapita yeye hana hata kilo moja ya kupeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima kinachouza mnadani. 2018 ilipotangazwa 3,300 kwa kilo watu walishangilia sana, yeye ilimhusu nini?

Yani bei ilipanda, korosho zilikuwepo, ukuaji ulikuwepo, ukamfuata aliyekuwa na hela mwezi wa 7. Ndo maana siwezi kukubali kwamba pengo tutalishughulikia baadaye, pengo ndo linaamua huo ukuaji uende kwa nani.

Mi nataka mkulima apate mkopo wa laki mbili tatu kupitia AMCOS yake mwezi huo wa njaa, akatwe deni korosho zikiuzwa mnadani, halafu bei ipande itakavyo. Mnaosema ukuaji kwanza, huyu mama asubiri mpaka lini?