Siku mbili Moshi na mama, twende wapi?

Muulizaji: Shikamooni wakubwa. Nampeleka mama Moshi mwezi Aprili, siku mbili. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Maporomoko ya Materuni atayaweza?

Wakala wa safari, Moshi: Marahaba. Aprili ni masika, njia ya Materuni inateleza mno. Hata vijana wangu hushika fimbo. Mama abaki kijijini kwenye kahawa: ataitwanga kinuni, ataikaanga, ataionja ikiwa moto. Siku ya pili nendeni chemchemi ya Chemka, mkipitia Boma Ng'ombe. Maji yake ni vuguvugu, maangavu, unaona mizizi ya miti hadi chini. Nendeni asubuhi kabla watu hawajajaa. Vumbi la barabara hugeuka tope, kwa hiyo kodini gari la juu, si bajaji.

Mchangiaji: Mbebee kiti cha plastiki. Mama yangu alikaa ukingoni, miguu majini, hakutaka kuondoka.

Muulizaji: Asanteni. Kahawa na Chemka basi.