Mnaouza "majike tupu" wa wiki moja, mnawatambuaje? Acheni kuwapiga wafugaji

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu ubaki jukwaa la ufugaji, msiuunganishe na nyuzi za matangazo, maana matangazo yenyewe ndiyo yanayolalamikiwa.

Kila ukifungua simu: "Vifaranga chotara, wiki moja, majike tupu, uhakika asilimia mia, wahi mzigo unaisha." Bei imepandishwa kuliko ya mchanganyiko. Ukimuuliza muuzaji amewatenganishaje, anasema alichagua mayai ya duara, au amewapima kwa sindano na uzi, au amewaninginiza kichwa chini akaona nani anarusha miguu, au ameangalia bawa. Mteja analipa. Wiki ya kumi banda lina mapora (majogoo machanga) karibu nusu, na akipiga simu anaambiwa lishe yake ndiyo mbaya. Lishe! Tangu lini pumba ikageuza tetea kuwa jogoo?

Tuanze hapo hapo. Jinsia ya kifaranga huamuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa kuku, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, Z na W, na jogoo ana Z mbili. Kwa hiyo ni mama anayeamua, na akishatoa yai mchezo umekwisha. Na wanaodai joto la mashine huleta majike: mashine ya kutotolesha yenye feni hukaa kwenye nyuzi 37.5. Ukipandisha joto unaua viini, hugeuzi madume kuwa majike. Kuku si mamba, ambaye jinsia yake huamuliwa na joto la kiota.

Umbo la yai nalo ni hadithi ya kale kweli kweli. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba yai refu lililochongoka hutoa jike, la duara hutoa dume. Pliny wa Roma akaja kuandika kinyume chake, la duara ndilo la jike. Zaidi ya miaka elfu mbili wameshindwa kuelewana, na leo mtu anachagua upande mmoja anautolea ankara. Umbo la yai linatokana na mirija ya kuku aliyelitaga, ndiyo maana kuku yuleyule hutaga mayai ya umbo lilelile mwaka mzima huku watoto wake wakiwa wa jinsia zote mbili.

Wengine wanasema wanamulika tochi wanaona jinsia ndani ya yai. Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga madume wa kuku wa mayai kuanzia Januari 2022, na watotoleshaji wa huko wakalazimika kuleta mitambo ya kupiga picha maalumu kupitia ganda au kutoboa ganda kwa leza na kupima tone la majimaji. Kama tochi ya simu ingetosha, nani angeingia gharama hizo?

Na kwa nini matapeli wanasifiwa? Kwa sababu kubahatisha kunapatia nusu. Chukua vifaranga 10 wa mchanganyiko bila kuchagua chochote: mara 1 kati ya 6 hivi utapata majike 7 au zaidi. Huyo mteja ataandika "mzigo safi, Mungu akubariki", na picha ya ujumbe wake itazungushwa mwaka mzima. Kuna mwingine, mara 1 kati ya 6 vilevile, aliyepata madume 7 au zaidi. Huyo amezuiwa namba.

Sasa bawa, maana hapa ndipo wengi wanapigwa na watu wanaojua nusu. Njia ya bawa ipo na ni ya kweli. Unamshika kifaranga, unalikunjua bawa taratibu kwenye mwanga, unaangalia ukingoni. Kuna safu mbili za vinyoya: ya chini ni manyoya makubwa ya kurukia, ya juu ni yale yanayoyafunika. Jike, safu ya chini imezidi waziwazi ile ya juu. Dume, safu mbili zinalingana, au ya juu imezidi. Kazi hii hufanyika siku ya kwanza, ikichelewa sana siku ya pili au ya tatu. Baada ya hapo manyoya ya wote yameshakua na tofauti imepotea. Kwa hiyo zile video za kukunjua bawa la kifaranga wa siku sita ni maigizo.

Lakini hata siku ya kwanza, njia hiyo inafanya kazi kwa uzao uliopangwa tu. Baba lazima awe wa ukoo unaoota manyoya haraka, mama wa ukoo unaochelewa. Jike hurithi kasi ya baba, dume hurithi uchelewaji wa mama, kwa sababu kinasaba hicho kinakaa kwenye Z na uchelewaji ndio wenye nguvu. Ukigeuza wazazi, tofauti haipo. Ukichanganya jogoo wa jirani na kuku wa sokoni, unachokiona bawani kinakuambia nani ni wa ukoo upi, hakikuambii nani atataga. Kifaranga wa kienyeji mwenye bawa refu siku ya kwanza anaweza kuwa jogoo vizuri tu.

Rangi ni hivyo hivyo. ISA Brown na Lohmann Brown, aina za kuku wa mayai, hutenganishwa kwa rangi siku wanapoanguliwa: majike wana rangi ya kahawia, madume ni manjano hafifu kukaribia weupe. Hapa ndipo kuna wizi wa mchana. Mtu anachukua madume ya kuku wa mayai, ambayo huuzwa bei ya chini mno kwa sababu hayatagi na hayawahi kupata nyama, anakuja kuyauza kama "broila" (kuku wa nyama) au "Sasso weupe" (Sasso ni aina ya chotara). Broila wa wiki tano ameshafikia kuchinjwa. Huyu wako wa wiki tano bado ni mifupa na mdomo, amekula kama wenzake na hana pa kwenda.

Mwingine anachukua ISA Brown majike, anawapandisha kwa madume yao, anatotolesha na kutenganisha kwa rangi ileile. Haiwezekani. Rangi inatenganisha kizazi cha kwanza tu, pale baba ni mwekundu na mama ni mweupe wa koo zile maalumu. Kizazi cha pili, majike na madume wote wanatoka kwa rangi zote mbili. Ukiona tangazo la "ISA Brown kizazi cha nyumbani, majike ya kahawia tu", unanunua rangi.

Anayetaka kufanya jambo hili nyumbani kwa haki kabisa, mseto upo. Jogoo mwekundu wa Rhode Island Red kwa kuku wa Plymouth Rock wa mistari myeupe na myeusi. Vifaranga wote wanatoka weusi, madume wana doa jeupe utosini, majike hawana. Angalia siku ya kwanza wakishakauka. Usigeuze: jogoo wa mistari kwa kuku mwekundu anatoa watoto wenye doa wote. Na jogoo akiwa mweupe, weupe wake unaweza kufunika kila kitu.

Chotara aina ya Kroiler na Sasso wanaofika kwa wafugaji wadogo kwa kawaida huuzwa mchanganyiko. Rangi zao ni za kila namna na hazisemi chochote kuhusu jinsia. Anayekuambia "mwenye mstari mgongoni ni jike", mwambie aandike hivyo kwenye risiti.

Njia ya kufungua tundu la haja nayo ni halisi. Wajapani Masui na Hashimoto ndio walioieleza kitaalamu, kitabu chao cha Kiingereza kikatoka 1933. Mtaalamu aliyefuzu hupitisha vifaranga zaidi ya 800 kwa saa na hakosei sana. Anachotafuta ni kinundu kidogo kama kichwa cha pini: kwa dume ni cha mviringo, kigumu kidogo, kinang'aa, kwa jike ni bapa au hakipo. Tatizo, baadhi ya majike wanacho pia, na kuwatofautisha kunataka mazoezi ya muda mrefu. Lazima kifaranga afanyiwe ndani ya saa 24 hivi tangu aanguliwe. Na ukibonyeza tumbo vibaya unapasua kifuko cha kiini ambacho bado kimo ndani. Kifaranga atatembea vizuri leo, kesho utamkuta amekufa, utasingizia pulorumu (ugonjwa wa kuhara kweupe wa vifaranga). Tafadhali msijaribu kwa kufuata video.

Kwa kienyeji na chotara wa mchanganyiko basi, subirini. Wiki ya tatu hadi ya nne upanga (ile nyama ya kichwani) wa baadhi unaanza kunyanyuka na kupata wekundu, miguu inanenepa. Mkia wa majike mara nyingi hutangulia, madume wanabaki na kisiki. Hizo ni dalili, si hukumu. Wiki ya sita unaweza kuweka dau. Linganisha waliototolewa siku moja na wa ukoo mmoja tu, usimlinganishe kishingo (kuku asiye na manyoya shingoni) na Kuchi (kienyeji mrefu wa miguu). Kuchi upanga wake ni mfupi, umelala, unachelewa kuonyesha chochote, na majike wake ni warefu wa miguu kiasi kwamba mgeni anawaita majogoo wote.

Hukumu yenyewe iko kwenye manyoya, kati ya wiki ya 8 na ya 12. Angalia kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Dume anaota manyoya membamba, marefu, yenye ncha kali, yanayong'aa na kuning'inia pembeni. Ya jike ni mapana yenye ncha ya mviringo. Shingoni ni hivyo hivyo. Kwa kidimu unyoya umejikunja, ukunjue kwa vidole ndipo usome ncha.

Kuwika si kipimo cha mapema. Wapo wanaoanza wiki ya nane, wapo wanaokaa kimya hadi mwezi wa nne kwa kumwogopa jogoo mkubwa. Kikwara, ule mwiba wa mguuni, nacho achaneni nacho, hata kuku mzee jike huota.

NYONGEZA 1: Naulizwa, "tununue vipi sasa?" Ukitaka majike wa siku moja, nunua kuku wa mayai waliotenganishwa na watotoleshaji wao, risiti iandike aina, tarehe ya kutotolewa, njia iliyotumika na fidia ya kila dume litakalojitokeza. Ukitaka chotara, lipa bei ya mchanganyiko, hesabu nusu ni madume, na bajeti ya chakula ianzie hapo. Ukitaka matetea wa chotara wa uhakika, nunua wa miezi mitatu na ulipie hiyo miezi mitatu.

NYONGEZA 2: Kuna jamaa kwenye maoni anabisha kwamba sindano na uzi vinatambua jinsia. Ndugu, weka vifaranga 40 pete za plastiki zenye namba, andika majibu ya sindano, mpe mtu mwingine karatasi aifungie, mkutane wiki ya 12. Ukipatia 20 hujapatia kitu.

NYONGEZA 3: Kuna aliyeweka picha ya kuku wa wiki 19, upanga mwekundu, anauliza amchinje kwa kuwa "amegeuka jogoo". Usimchinje. Tetea akikaribia kutaga upanga na ndevu (nyama za chini ya mdomo) hukua na kuiva wekundu kwa siku chache tu. Kwenye picha yako ya pili manyoya ya kiunoni ni ya mviringo. Mweke mkono mgongoni, akichuchumaa na kutanua mabawa, tayarisha kiota.